Ndege zitue kwa setilaiti, ila ishara tuipime wenyewe

Mnamo Septemba 3, 1974, ndege kubwa ya Uingereza aina ya Boeing 747 ilikuwa ikikaribia Nairobi. Mwongoza ndege aliwaagiza marubani washuke hadi futi 7,500. Namba hiyo, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, ilisemwa kwa Kiingereza tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Waliokuwa katika chumba cha marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Wakatega mitambo yao ishuke hadi futi 5,000.

Msomaji atauona uzito wa kosa hilo akikumbuka kwamba uwanja wa ndege wa Nairobi wenyewe umeinuka zaidi ya futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Marubani wale, pasipo kujua, walikuwa wameiamuru ndege ishuke hadi chini ya ardhi. Walipotoka mawinguni waliiona nchi imewajia usoni, wakaiinua ndege ikiwa imebakiza takriban futi 70. Wote waliokuwamo walinusurika.

Kisa hiki nimewasimulia wanafunzi wangu wa isimu mara nyingi. Mimi si rubani wala mhandisi. Riziki yangu naipata kwa kuchunguza jinsi sauti inavyotoka katika kinywa cha mtu mmoja na kufika katika sikio la mwingine. Ndiyo maana kisa hiki kinanihusu. Hapakuwa na injini iliyozimika wala bawa lililokatika. Lililokatika ni neno. Tarakimu moja ilipotea njiani, na mamia ya watu wakawa hatua chache kutoka kaburini.

Yamkini msomaji atasema hayo yalikuwa mambo ya zamani. La hasha! Mei 23, 2022, ndege aina ya Airbus A320 ilikuwa ikitua Paris katika uwanja wa Charles de Gaulle. Mitambo ya ardhini iliyozoeleka kuelekeza ndege katika njia ile ilikuwa imezimwa kwa matengenezo, kwa hiyo marubani walitumia njia nyingine: mwelekeo wa kulia na kushoto waliupata kwa setilaiti, lakini kimo walikipata kwa kupima kanieneo ya hewa. Ili kipimo hicho kiseme kweli, rubani sharti aambiwe kanieneo iliyopo uwanjani wakati huo. Ilikuwa 1001. Mwongoza ndege akasema 1011. Kwa tofauti ya tarakimu moja, ndege iliamini kwamba iko juu zaidi ya ilipokuwa kwa futi zipatazo 280. Ilishuka mvuani hadi ikabakiza futi 6 tu, yaani chini ya mita 2, kabla ya kufika kwenye njia ya kutua. Ikapaa tena, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia.

Kati ya Nairobi ya 1974 na Paris ya 2022 kuna karibu nusu karne. Ndege zimebadilika na tarakilishi zimejaa katika vyumba vya marubani. Lakini kosa ni lile lile: namba iliyopitia kinywani na sikioni. Sisi wanaisimu hatushangai. Marubani wenyewe wamejitahidi kuitibu lugha yao. Tisa ya Kiingereza huitamka "naina" ili isifanane na tano, na kila agizo hulirudia neno kwa neno. Tiba hizo zimeokoa wengi. Hata hivyo, maadamu binadamu ana ulimi unaoteleza na sikio linalosikia linalolitarajia, namba itapotea tena siku moja.

Leo ipo teknolojia inayoweza kuliondoa jukumu hilo zito katika ulimi na sikio. Ni mifumo ya kutua kwa uangalifu mkubwa kwa kutumia setilaiti, inayompa rubani mteremko kamili hadi mlangoni mwa uwanja, bila kutegemea kanieneo aliyotajiwa na mtu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba Kenya inapaswa kuikumbatia mifumo hiyo, lakini kwa sharti moja kuu: ishara tutakayoiamini na maisha yetu tuipime sisi wenyewe, katika ardhi yetu, chini ya anga yetu. Tukiinunua tu kama tununuavyo redio, tutakuwa tumenunua sauti tusiyoweza kuikosoa.

Kwanza, haki itendeke kwa mzee aliyetutumikia. Kwa miongo mingi ndege zimetua katika ukungu na mvua kwa msaada wa mfumo uitwao ILS. Mnamo Januari 26, 1938, ndege ya abiria ya Marekani ilitua Pittsburgh katika dhoruba ya theluji ikiongozwa na mfumo huo, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ulienea duniani. Kazi yake si ngumu kuielewa. Antena moja iliyopo mwishoni mwa njia ya kutua hurusha mawimbi ya redio yanayomwambia rubani kama yuko kulia au kushoto. Antena nyingine kando ya njia humwambia kama yuko juu au chini ya mteremko ufaao, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3. Rubani hufuata mistari hiyo miwili kama mtu ashukaye ngazi gizani huku ameshika ukuta.

Mfumo huu una sifa, lakini una gharama. Kila upande wa njia ya kutua unahitaji mitambo yake. Antena ya mteremko hutaka ardhi iliyosawazishwa mbele yake, kwa kuwa mawimbi yake huakisiwa na ardhi hiyo. Majengo, malori na hata ndege iliyosimama mahali pasipofaa huweza kuyapinda mawimbi. Isitoshe, sharti ndege maalumu ije kila baada ya muda kuupima. Uwanja mkuu wa taifa hauna budi kuyamudu hayo. Uwanja mdogo wa wilayani, upokeao ndege chache kwa siku, hauwezi.

Hapo ndipo setilaiti zinapoingia. Mfumo wa Marekani wa GPS una setilaiti zinazouzunguka ulimwengu kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Warusi, Wachina na Umoja wa Ulaya nao wana mifumo yao. Kila setilaiti hutangaza mambo mawili bila kuchoka: mahali ilipo na saa kamili. Kipokezi ndani ya ndege hupima muda ambao ishara imetumia kusafiri, kikajua umbali. Na kwa kuzisikiliza setilaiti 4 au zaidi hujua kilipo. Kwa kuwa ishara husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja tu ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300. Hesabu hii mwalimu yeyote wa shule ya sekondari aweza kuiandika ubaoni.

Wazo lenyewe si geni pwani yetu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari wakajua walipo. Neno rubani tumelirithi kwao: alikuwa mtu wa chombo cha baharini kabla ya kuwa mtu wa chombo cha angani. Aidha, mjuzi wa njia za bahari aliitwa kwa Kiarabu muallim, neno lile lile lililotupa sisi mwalimu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 ilimbidi apewe mtu wa aina hiyo ndipo afike Calicut. Mreno alikuwa na merikebu na mizinga, lakini ujuzi wa maji yale haukuwa wake. Nitakirudia kisa hiki.

Turudi angani. Ishara ya setilaiti ikiwa peke yake haitoshi kuitua ndege katika ukungu. Njiani hupita katika tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfia, ambako miale ya jua imezichaji chembechembe za hewa kwa umeme. Tabaka hilo huichelewesha ishara, na kucheleweshwa huko hugeuka kuwa kosa la mita kadhaa, pengine makumi ya mita. Zaidi ya hayo, setilaiti yenyewe yaweza kuharibika saa yake ikatangaza uongo kwa sauti ile ile ya kujiamini. Mtu atafutaye nyumba ya rafiki mtaani hatadhurika. Rubani aliye futi 200 juu ya ardhi, haoni kitu, atadhurika.

Dawa ni kuwa na vipokezi katika mahali panapojulikana barabara. Kipokezi kilichojengewa zege kinajua kilipo. Setilaiti ikikiambia kiko mita 4 kando, basi kinajua kosa ni mita 4, na marekebisho yanaweza kutangaziwa ndege. Kuna namna mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza huweka vipokezi vichache katika kiwanja kimoja, na marekebisho hurushwa kwa redio kwa ndege zilizo karibu. Bremen nchini Ujerumani ulianza kutumia mtambo wa namna hiyo mwaka 2012. Newark na Houston huko Marekani, kisha Sydney na Frankfurt, zikafuata. Mtambo mmoja huhudumia njia zote za uwanja, kila upande, pasipo antena kwa kila ncha.

Namna ya pili hutandaza vituo katika eneo pana, kisha marekebisho hupelekwa kwenye setilaiti zilizosimama juu ya ikweta, nazo huyarudisha kwa kila ndege iliyo katika eneo hilo. Marekani ilianza mwaka 2003 kwa mfumo wake wa WAAS, ambao leo una vituo 38 na umewezesha njia zaidi ya 4,000 za kushuka, nyingi zikiwa katika viwanja vidogo visivyopata kuwa na ILS. Ulaya ilifuata mwaka 2011 kwa EGNOS. Uzuri wa namna hii ni kwamba uwanja wenyewe hauhitaji antena ya kuongoza ndege. Unahitaji kupimwa vyema, kuchorewa ramani, kuwa na njia safi na taa.

Sasa nifike penye kiini. Wengi hudhani kwamba ubora wa mifumo hii ni usahihi wake. Usahihi ni muhimu, ila si wa kwanza. La kwanza ni uaminifu, na maneno haya mawili tusiyachanganye. Mahakamani kuna shahidi aonaye vizuri na kuna shahidi ambaye, pale asipoona, husema "hapo sikuona". Hakimu humhitaji huyo wa pili kuliko wa kwanza. Mfumo wa kutulia ndege haumwambii rubani "uko hapa" tu. Humwambia pia: "Siwezi kuwa nimekosea kwa zaidi ya kiasi hiki." Katika njia za kushuka hadi futi 200, kiasi hicho kisizidi mita 35 kwa kimo na mita 40 kwa upande, ingawa kosa halisi kwa kawaida ni la mita moja au mbili. Mpaka wa shaka ukizidi hapo, au setilaiti ikianza kusema uongo, mfumo hautakiwi kunyamaza: ndani ya sekunde 6 hivi sharti umwambie rubani "usiniamini". Naye hupaa.

Walimu wenzangu wataelewa kwa nini jambo hili limenivutia. Darasani tunawazawadia wanaojibu haraka, tunawadhihaki wasemao "sijui". Wahandisi wametumia miaka mingi na fedha nyingi kuifundisha mashine ithubutu kusema "sijui" kwa wakati.

Lakini nani mwenye uwezo wa kusema "sijui" kwa niaba ya anga ya Kenya? Hapa ndipo penye tatizo letu. Ili kosa ligunduliwe, lazima pawe na kipokezi chini ya anga ile ile ambamo ishara imepita. Vituo vya WAAS viko Amerika Kaskazini na vya EGNOS vimejengwa kwa ajili ya Ulaya. Haviwezi kutuambia kinachotokea juu ya Lodwar.

Na anga yetu si anga ya kuigizia. Ionosfia ya ukanda wa ikweta ni kaidi kuliko ya nchi za kaskazini. Jua letu ni kali, na namna uga wa sumaku wa dunia ulivyolala katika ukanda huu huzifanya chembechembe zipande juu kisha zijilundike pande mbili za ikweta ya sumaku. Jua likishatua, tabaka hilo huweza kutoboka likawa na mapovu, na ishara ya setilaiti inayopita humo ikametameta kama nyota. Mara nyingine kipokezi huipoteza kabisa. Mambo haya huzidi jua linapokuwa katika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi. Kanuni zilizotungwa kwa anga tulivu ya Ulaya zikiletwa huku jinsi zilivyo, mfumo mwaminifu utajikuta ukisema "sijui" jioni baada ya jioni. Utakuwa mkweli, lakini hautamtua mtu.

Je, tukate tamaa? Hapana. Wahindi wana anga kama yetu. Walijenga mfumo wao uitwao GAGAN, wakatandaza vituo vyao wenyewe, wakaisoma ionosfia yao hadi wakatunga kanuni zinazoifaa. Mfumo huo uliidhinishwa kwa hatua, mwaka 2013 na 2015. Aprili 2022 ndege ya abiria ilitua kwa kuutumia katika uwanja mdogo wa Kishangarh huko Rajasthan. Karibu nasi zaidi, ASECNA, shirika linalosimamia safari za anga kwa mataifa kadhaa ya Afrika Magharibi na Kati, lilianza Septemba 2020 kurusha ishara za majaribio kwa kutumia setilaiti ya Nigeria. Hawa ni Waafrika wenzetu. Sisi wa Afrika Mashariki tunasubiri nini?

Kuna watakaosema kwamba nchi yenye njaa, mgomo wa walimu na hospitali zisizo na dawa haina haja ya anasa ya setilaiti. Hoja hiyo naiheshimu, nami ni miongoni mwa waliowahi kugoma. Lakini tuulize ni nani anayefaidika. Uwanja mkuu wa Nairobi una mitambo ya ardhini tayari. Faida kubwa iko kwa mgonjwa wa Turkana au Wajir anayesubiri ndege ya madaktari, wale ambao tangu 1957 wamekuwa wakiruka kutoka Wilson kuwafuata watu wasiofikiwa na barabara. Iko kwa kiwanja kilicho kando ya mlima, wingu linapokaa chini.

Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa aina ya Y-12 iligonga kilima ilipokuwa ikijaribu kutua Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 waliangamia, miongoni mwao Dkt. Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na viongozi wengine waliokuwa safarini kutafuta amani baina ya jamii za huko. Sisemi kwamba setilaiti ingewaokoa. Ajali huwa na sababu nyingi, na si kazi yangu kuzihukumu. Nasema tu kwamba rubani anayeikaribia milima katika wingu anastahili kuonyeshwa mteremko salama, na kwamba katika viwanja vya aina hiyo njia rahisi ya kumwonyesha hutoka angani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Setilaiti hizi si zetu. GPS ni mali ya serikali ya Marekani na ilizaliwa jeshini. Ni baada ya ndege ya Korea kutunguliwa na Wasovieti Septemba 1, 1983, ambapo watu 269 walikufa, ndipo Rais Ronald Reagan alipotangaza kwamba mfumo huo utafunguliwa kwa raia wa dunia. Na hadi Mei 2000 Marekani iliichafua makusudi ishara ya raia ili isiwe sahihi mno. Aliyefungua mlango aweza kuufunga, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jibu langu ni kwamba leo milango iko minne: wa Marekani, wa Urusi, wa Ulaya na wa Uchina. Vipokezi vipya huweza kusikiliza zaidi ya mmoja, tena kwa masafa mawili, jambo linalosaidia kulipima na kuliondoa sehemu kubwa ya kosa la ionosfia. Hata hivyo anayeamua kama ishara hizo zinafaa juu ya Kenya anapaswa kuwa Mkenya mwenye kipimo chake mkononi.

Pingamizi la tatu ni la wavurugaji. Ishara ya setilaiti hufika ardhini ikiwa hafifu mno, kama mnong'ono wa mtu aliye mbali. Mwaka 2012, dereva mmoja nchini Marekani, aliyekuwa hataki mwajiri wake ajue gari liko wapi, aliweka garini kifaa kidogo cha kuvuruga mawimbi. Alipopita karibu na uwanja wa Newark, mtambo wa kutulia ndege ukavurugika. Serikali yao ilitangaza kusudio la kumtoza faini ya karibu dola 32,000. Tafakari, msomaji: dereva mmoja tu, wala hakuwa adui wa mtu. Sisi nasi tuna malori ya mizigo yafuatiliwayo kwa setilaiti kutoka Mombasa hadi mipakani, na hapana shaka hatukosi madereva wenye siri zao.

Pengine mvurugaji ni mkubwa kuliko dereva. Uwanja wa Tartu nchini Estonia ulikuwa ukitegemea setilaiti peke yake kwa kushusha ndege za abiria. Ishara zilipovurugwa mwaka 2024, shirika la Finnair lililazimika kusimamisha safari zake huko tangu Aprili 29 hadi mwisho wa Mei, mpaka ilipopatikana njia isiyotegemea GPS. Hili ni fundisho ambalo halina haja ya kufasiriwa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa mswala upitao. Mitambo ya ILS katika viwanja vyetu vikubwa isipigwe mnada eti kwa kuwa mambo mapya yamekuja. Itunzwe, ipimwe, na marubani waendelee kuitumia ili wasiisahau.

Na tusidanganyane kuhusu ukungu wa Embakasi. Mwaka uliopita nilikuwa katika ndege iliyozunguka juu ya Nairobi alfajiri hadi mafuta yakatulazimisha kwenda Mombasa. Msichana wa shule aliyeketi karibu nami aliniuliza kwa nini ndege yenye tarakilishi zote hizo haiwezi kuona njia. Nilibabaika. Jibu ambalo sikuwa nalo siku ile ni kwamba mifumo mingi ya setilaiti niliyoieleza humfikisha rubani hadi futi 200 tu. Hapo sharti aione njia au taa zake kwa macho yake, la sivyo apae. Ukungu mzito unaogusa ardhi hauondolewi na mifumo hiyo, na ILS ya daraja la juu bado ndiyo tegemeo la viwanja vingi duniani katika hali kama ile. Mfanyabiashara atakayeiambia serikali vinginevyo aombwe kwa adabu aketi chini.

Kwa hiyo, tufanye nini? Serikali zetu za Afrika Mashariki zikae pamoja, kwa kuwa ionosfia haina mpaka wa Namanga wala Busia. Zikubaliane kutandaza vituo vya kupimia kutoka Bahari ya Hindi hadi Maziwa Makuu, ama kwa kujiunga na juhudi zilizokwisha kuanzwa na Waafrika wenzetu, ama kwa kujenga zetu. Vituo hivyo viwekwe pia karibu na vyuo vikuu, na data zake ziwe wazi kwa wanafunzi wa fizikia, hisabati na uhandisi, zisifungiwe kabatini. Sheria dhidi ya vifaa vya kuvuruga mawimbi itekelezwe kabla ajali haijatufundisha. Viwanja vidogo vipimwe upya, kimoja kimoja, tukianza na vile vinavyotumiwa na ndege za wagonjwa.

Huu si mzigo uliozidi kimo chetu. Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa ya Wamarekani, ikarushwa na Waitalia; chetu kilikuwa bahari na jina. Aprili 2023 tulipeleka angani Taifa-1, setilaiti ya kuchunguza ardhi. Tumesogea kutoka kukopesha jina hadi kuwa na chombo. Hatua inayofuata ni kuwa na watu wanaoielewa anga iliyo kati ya setilaiti na paa la darasa.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule mjuzi wa Malindi wa mwaka 1498. Mgeni mwenye merikebu kubwa alimhitaji kwa kuwa alizijua pepo na nyota za bahari hii. Leo wageni wana setilaiti, lakini tabia za anga ya ikweta jioni ya Machi au Septemba hazijulikani vyema mpaka zipimwe hapa. Ujuzi huo ukiwa wetu, tutaketi mezani tukiwa na la kusema. Tusipoupata, watakuja kuupima wenyewe, kisha watuuzie.

Nawaomba walimu wa fizikia na hesabu wasiliache jambo hili kwa wahandisi. Mfundisheni mwanafunzi, kwa Kiingereza cha mtihani na kwa Kiswahili cha kuelewana, kwa nini setilaiti 4 na si 3. Kwa nini ishara huchelewa. Kwa nini usahihi si uaminifu. Nasi wa idara za lugha tuwape maneno ya kulisemea jambo hilo, maana kijana hawezi kuhoji kitu asichoweza kukitaja. Yule msichana wa ndegeni aliuliza swali la haki, akajibiwa na daktari wa falsafa aliyekuwa akiumauma maneno. Mwenzake atakayeuliza kesho akute mwalimu aliye tayari.